Karatasi ya Salamu

Nilikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka sita na siku tatu. Ile miaka sita siikumbuki vizuri, maana kazi ya ukarani haimwachii mtu mengi ya kukumbuka, lakini zile siku tatu ukiniuliza hata leo nitakwambia nilivaa kanzu ipi. Wajukuu zangu hunitania kwamba babu alifukuzwa kazi na Mwingereza. Sikufukuzwa. Ila pia siwezi kujisifu kwamba niliacha kwa ushujaa, na ndiyo sababu nimeona afadhali nieleze mwenyewe, kabla hawajaanza kunitungia.

Ilikuwa miaka ya arobaini, vita vikuu vya pili vimepamba moto. Mombasa ilijaa mabaharia na askari wa kila rangi. Vioo vya maofisi vilipakwa rangi nyeusi ili ndege za adui zisione taa, na mchele tuliupata kwa kadi. Mimi nilikuwa kijana wa mtaa wa Kuze, nimeoa karibuni, karani wa forodhani mwenye koti moja juu ya kanzu na maringo ya makoti matatu. Siku moja nikaitwa kwenye chumba kirefu cha ghorofani kinachotazama bandari ya kale. Nikaulizwa kama najua kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nikasema najua. Nikaambiwa niape.

Barua zote zilizotoka ng'ambo zilipita katika chumba kile kabla ya kumfikia mwenyewe. Watu wetu wa mjini, wengi wao, bado waliandika kwa herufi za Kiarabu, na Bwana Mkubwa wa pale hakuzijua. Kiswahili cha kusema alikijua, kile cha bara cha kuamrisha. Basi kazi yangu ilikuwa kumsomea, naye kusema nini kipite na nini kifutwe. Niliapa kwa Msahafu kwamba nitakachokisoma mle hakitatoka kinywani mwangu. Mwenzangu wa meza ya pili, Mkristo wa bara aliyekagua barua za askari zilizoandikwa kwa herufi za Kizungu, aliapa kwa Biblia. Vitabu vilikuwa viwili, lakini chupa ya wino mweusi wa kufutia ilikuwa moja, tukichovya kwa zamu.

Herufi zile nilifundishwa na mwanamke mmoja. Nyumba yake ilitazamana na yetu, na kichochoro kilikuwa chembamba hata tukipokezana chumvi dirisha kwa dirisha. Alikuwa mjane, na ukumbini kwake alisomesha chuo cha Kurani. Sisi tulimwita Mwalimu, na hata waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo. Alitusomesha kwa moyo. Wewe unasoma bila kitabu, yeye macho yako kwenye ukili wa mkeka anaousuka, na ukiruka hata neno moja husema bila kuinua uso, "Umeruka." Hakwambii umeruka nini. Unarudi mwanzo, na mtoto wa watu unatokwa na jasho mpaka ulipate neno lako. Mpaka leo, nikisoma jambo mara moja hunikaa, na si kwa akili yangu, ni kwa hofu ya neno lile.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, niliyekaa naye mkeka mmoja tangu alifu. Mamake alitaka awe mtu wa dini, arithi chuo. Yeye akapenda meli. Akapata kazi ya kutia makaa katika meli ya mizigo iendayo Uingereza, na wakati huo vita vimeshaanza, meli zinazama kama vikombe. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumsindikiza. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akamwomba mamake radhi. Mwalimu alikuwa akimsikiliza mtoto mmoja akisoma. Hakuinua uso. Mwanawe akangoja mpaka mtoto akamaliza sura yake, kisha akageuka tukaenda zetu. Kwetu sisi mtu husafiri bila koti, bila viatu, ikibidi hata bila ruhusa ya serikali. Bila radhi za mama hasafiri, na akisafiri ni kama mtu aliyeacha mlango wazi nyuma yake.

Sasa niseme ukweli: kazi ile ya barua niliipenda. Nilikuwa sijavuka kivuko cha Likoni zaidi ya mara mbili tatu, na ghafla dunia nzima inapita mezani kwangu. Nilisoma habari za mvua inayoanguka kimya, nyeupe kama sufi ya mto uliopasuka. Nilisoma habari za gari la moshi linalopita chini ya ardhi, na watu wa mji kushuka huko na magodoro yao kwa kukimbia mabomu. Baharia mmoja aliandika kwamba kila alfajiri akipita njia fulani humwona mama wa Kizungu amepiga magoti, anasugua kizingiti cha mlango wake kwa brashi, na mikono yake imepasuka kwa baridi. Nilisimamisha kusoma. Nikarudia. Huku kwetu Mzungu alikuwa ni kofia na amri, na hatukuwahi hata siku moja kujiuliza kule kwao nani anafagia.

Nilimtazama mwenzangu wa bara, naye akanisogezea barua ya askari iliyoko mbele yake. Yule askari aliandika kwamba Mzungu alimwomba kiberiti, akasema tafadhali, na alipokwisha kuwasha akasema asante. Tulitazamana kama watoto walioona kabati la sukari limesahauliwa wazi. Jioni ile nilitembea polepole njia ya Ndia Kuu, nikiwatazama Wazungu wanaopita, nikijaribu kumwona kila mmoja na brashi na ndoo. Nilistaajabu hata nikapita mlango wa nyumbani kwangu.

Mwezi wa pili wa kazi ile nilifanya kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la maneno mawili. Yeyote aliyewahi kupata barua ya Mwambao wa wakati ule anajua ilivyokuwa. Kwanza Mungu, kisha salamu, na salamu hazikuwa mchezo. Mtu alimsalimu mamake, kisha shangazi, kisha jirani wa kulia na wa kushoto, imamu, muuza kahawa, na kila mmoja kwa jina lake na nyumba yake. Karatasi nzima ya kwanza ilijaa, na habari zenyewe zilianza karatasi ya pili. Bwana Mkubwa alitakiwa ayapime majina yote, asije akapita mtu au mahali pasipotakiwa kutajwa. Siku moja, barua zimelundikana, akanipigia meza, akauliza hii yote ya mwanzo ina maana gani.

Nami niliona haya. Niliona sisi ni watu wa maneno mengi, na wao wanaandika mistari mitatu wakamaliza vita. Nikataka nionekane karani wa kisasa. Nikamjibu, "Salamu tu, Bwana. Hazina maana."

Akanitazama, akaona nimesema jambo la busara. Kama hazina maana, alisema, basi tusipoteze wakati. Tangu siku ile karatasi ya salamu ikawa inatolewa, inatiwa faili, na kabati linafungwa. Mpokeaji alipelekewa habari tu. Nilipewa hata sifa kwa kupunguza kazi, nikaenda nyumbani nikamsimulia mke wangu kwamba nimesifiwa, bila kumwambia kwa lipi.

Haukupita muda mrefu ikafika barua ya rafiki yangu, mtoto wa Mwalimu. Niliujua mwandiko kabla sijaifungua, maana tulifundishwa na mkono mmoja. Meli yao ilikuwa imepigwa, ikavutwa mpaka bandari moja ya Uingereza kutengenezwa, naye akawa anakaa mjini akingoja. Nilisoma karatasi ya kwanza kimya mpaka mwisho. Kisha nikafanya nilivyozoea. Nikaitoa, nikaitia faili.

Karatasi ya pili nilimsomea Bwana Mkubwa. Rafiki yangu aliandika hivi: Jumapili alipita bustani moja, akamwona mtu amesimama juu ya sanduku, anaitukana serikali yake, anawataja mawaziri mmoja mmoja, na vita vinaendelea. Watu wamemzunguka, wengine wanacheka. Polisi yuko pembeni, mikono ameiweka nyuma. "Nikangoja akamatwe," aliandika. "Polisi akainua mkono, nikasema sasa. Kumbe awaambia watu wasogee, wampishe mama mwenye kigari cha mtoto."

Nilipomaliza nilikuwa nimesimama bila kujijua. Nilimwuliza Bwana Mkubwa kama huyu rafiki hasemi uongo. Alikuwa na kiko mkononi, akakiweka chini. Akasema ni kweli, yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi alikuwa akienda kusimama pale na kusikiliza. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia harufu ya chakula cha kwao. Kisha akasema ifutwe. Nikathubutu kumwuliza kwa nini ifutwe na hali ni kweli.

"Kwa sababu ni kweli," akasema.

Hakusema kwa ukali. Nikachovya brashi, nikamfuta mtu na sanduku lake. Lakini wino ule uliifuta karatasi tu. Miaka mingi baadaye, wanasiasa wetu wenyewe walipokuwa wakipanda juu ya meza pale uwanja wa Makadara na umati unawashangilia, mimi sikumtazama msemaji hata mara moja. Nilikuwa natafuta polisi yuko wapi, na mikono yake ameiweka wapi. Siasa yote niliyojifunza maishani ni hiyo.

Barua ikapelekwa kwa mwenyewe. Zikaja mbili zaidi miezi iliyofuata, nazo nikazifanya vivyo hivyo. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikahisi kichochoro kimebadilika, nikashindwa kujua ni nini. Mke wangu ndiye aliyenambia. Sauti za watoto hazikuwapo. Mwalimu amefunga chuo, yu kitandani, chakula akipelekewa hula tonge mbili akarudisha sahani. Majirani walikuwa wameshaambizana sababu: mwanawe amemwandikia barua tatu, na zote tatu hazina salamu.

Asiyekuwa wa kwetu ataona ni jambo dogo. Kwetu barua isiyo na salamu ilikuwa na maana moja tu: aliyeiandika amekata. Mtu huweza kukununia mwaka mzima, na bado barua yake ikaanza na salamu. Anayeacha salamu amesema hakujui tena, wala hujibiwi wala humjibu. Mwalimu hakuwa amejibu hata moja. Nyumba nyingine nazo zilipata kama hizo, lakini kila moja ilificha yake kwa aibu.

Nilikwenda kumwona kesho yake. Nilibusu mkono wake, ukawa mwepesi kama ganda. Alikuwa amekonda, na ule ukili wake ulikuwa umening'inia ukutani haujasukwa. Akatia mkono chini ya mto, akatoa barua ile ya kwanza.

"Ndoo ukae, mwanangu. Nisomee. Siyui ni macho yangu."

Nikaishika ile karatasi niliyoishika ofisini. Nikasoma kuanzia juu, habari za baridi na meli na mkate wa kupangia foleni. Nilipofika penye wino mweusi nikasita. Akasema hapo amepaona, pamefutwa na wakubwa, lakini pako katikati, na salamu hukaa juu. Nisome mpaka mwisho. Nikasoma mpaka mwisho.

"Umeona salamu hapo?"

"Sikuona, Mwalimu."

"Basi macho yangu mazima." Akaikunja barua, akairudisha chini ya mto. "Sikumpa radhi, naye amenikatia salamu. Tuko sawa." Akageukia ukutani.

Nilitoka mle nikijichukia. Nilisema kweli, sikuona salamu kwenye karatasi ile, na kweli ile ilikuwa chafu kuliko uongo wowote niliopata kusema. Usiku sikulala, mchana kazini nikakosea hesabu ya barua. Kabati lilikuwa hatua nne kutoka mezani kwangu, na ufunguo uko kwa Bwana Mkubwa. Lakini karatasi yenyewe sikuwa na haja nayo. Nilikuwa nimeisoma mara moja, na Mwalimu alinifundisha kwamba kilichosomwa mara moja kinatosha. Nilikuwa nimeibeba yote kifuani, neno kwa neno, salamu kwa salamu.

Na kiapo nacho nilikuwa nimekibeba. Nilijua mtu anayetoa siri za chumba kile wakati wa vita hapelekwi kuonywa, anapelekwa jela, na mke wangu alikuwa mjamzito. Zaidi ya jela, niliweka mkono juu ya maneno ya Mungu. Nilizunguka na hayo kwa siku kadhaa, na kila nilipofika mwisho nilimwona rafiki yangu, kifua wazi, anatia makaa chini ya meli katika bahari iliyojaa maadui, na nyuma yake mamake amegeukia ukutani. Ikiwa atazama, atazama bila radhi. Ikiwa Mwalimu atatangulia, radhi ataondoka nazo. Na anayejua ni mimi peke yangu, tena aliyeanza yote kwa kutaka kuonekana wa kisasa.

Jumapili, baada ya Alasiri, nilivuka kichochoro. Nikamkuta ameketi kitandani, ameegemea.

"Mwalimu, nimekuya kusoma."

Akasema chuo kimefungwa. Mimi nikatandika mkeka, nikakaa pale pale nilipokuwa nikikaa nina miaka saba, nikakunja miguu. Mikono yangu ilikuwa mitupu, naye aliiona. Nikaanza kwa jina la Mungu. Kisha nikasema: kwa mama yangu mpenzi, mwenye haki juu yangu, salamu zangu zikufikie popote ulipokaa, ikiwa dirishani ikiwa mkekani.

Sikuinua uso, nilimwogopa. Niliendelea kama tulivyofundishwa, bila haraka. Shangazi wa ghorofani na goti lake. Imamu wetu. Muuza kahawa wa pembeni. Mwenye duka la vitambaa wa Kihindi, na mamake ikiwa yu hai. Na yule paka mweusi mwizi wa samaki, ikiwa hamjampiga mkamuua.

"Umeruka," Mwalimu akasema.

Sauti ilikuwa ile ile. Nikarudi mwanzo. Mama, shangazi, imamu, muuza kahawa, mwenye duka, paka.

"Umeruka tena." Akasema, "Mwanangu hawezi kumsalimu paka kabla ya aliyekaa naye mkeka mmoja."

Mpaka leo sijui niuite nini uwezo ule. Karatasi hajaiona, iko kabatini ng'ambo ya mji, naye ameshajua pengo liko wapi na ni la nani. Nimewaona magavana na mawaziri, nimesikia habari za magari ya chini ya ardhi, na bado sijaona kitu kilichonistaajabisha kama mwanamke yule mgonjwa juu ya kitanda cha kamba. Nililiruka neno lile kwa kuwa lilikuwa linanihusu, na haya zilinizuia. Ikabidi nilisome.

"Na ndugu yangu wa chuo, aliye mkabala na dirisha lako, msalimie sana. Macho yako yakichoka, yeye ndiye akusomee barua zangu, maana kwa mwengine naona haya."

Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Yeye alikuwa anangoja, kwa sababu mwanafunzi hajamaliza. Nikasoma kilichobaki.

"Mama, siku niliyoondoka ulikuwa wasomesha, nami sikukasirika. Nakuomba radhi. Na kama huwezi kunipa, niandikie tu kwamba huwezi, nijue, nisiwe nangoja."

Kisha nikasikia kitanda kinalia, nikainua uso. Mwalimu alikuwa ameteremsha miguu chini. Aliinua mikono yake miwili, akasema kwa sauti ya kusomeshea, iliyofika nje mpaka kichochoroni, "Nimemwia radhi. Duniani na akhera, nimemwia radhi." Alilisema mara tatu. Halafu akaomba wino na karatasi.

Hakuniuliza nimezijuaje. Alipokwisha kuandika mistari ya kwanza alisema, bila kuacha kalamu, "Uliapa?"

"Niliapa kwa Msahafu."

Akatikisa kichwa. Kafara ya kiapo nilifundishwa na yeye mwenyewe: kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Mchele wa kadi haukutosha hata nyumba yangu.

"Anza kesho," akasema.

Nilifunga Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na hizo ndizo zile siku tatu. Nilikuwa nimeamua kwamba anayevunja kiapo chake hana haki ya kula mshahara wake. Kila siku saa nne mwenzangu wa bara alinimiminia chai, akanitazama, akainywa yeye. Siku ya tatu nilimpelekea Bwana Mkubwa barua yangu ya kuacha kazi. Niliiandika kwa Kiingereza, mistari mitatu, haina salamu.

Aliisoma akauliza sababu. Nikamwambia nimevunja kiapo. Uso wake ukabadilika, akauliza nimetoa siri gani, na kwa nani. Nikasema kwa nani sitasema, lakini nilichokitoa ni salamu.

"Ulinambia hazina maana," akasema.

"Nilikuwa mjinga, Bwana."

Akawa anakigeuzageuza kiko chake. Angeweza kuita askari pale pale, nami nilishamwambia mke wangu aende kwao nisiporudi. Mwisho akaandika chini ya barua yangu kwamba naacha kazi kwa ugonjwa, akanisogezea nitie sahihi. Sikujua kama ni huruma au ni kuchoka. Mwenzangu wa bara alinidokezea baadaye, tulipokutana njiani, kwamba karatasi za kwanza zimeanza kupita tena. Za nyuma zilibaki kabatini, na vita vilipokwisha zilichomwa na mafaili mengine.

Jumatano ile wakati wa Magharibi, dirisha la mkabala lilifunguka, ukanyooka mkono wenye bakuli la uji wa futari. Asubuhi ya Alhamisi nikaamshwa na kelele za watoto wanakariri, na mtu mmoja aliyesema, "Umeruka."

Rafiki yangu alirudi baada ya vita, mzima, na koti zito la sufu ambalo hakuna aliyelionea faida Mombasa. Majibu ya mamake yalimfikia, akayatembeza kifuani mpaka yakachanika mikunjo. Jioni tulikaa baraza ya nje ya nyumba yao, majirani wakajaa, muuza kahawa akaweka birika lake, na yeye akawa anatoa habari. Mvua nyeupe wakaikubali. Gari la chini ya ardhi wakalikubali kwa shida. Alipofika kwa mtu juu ya sanduku anayeitukana serikali na polisi anamtazama, baraza nzima ikacheka. Mzee mmoja akamwambia Uingereza imempa koti na ikampa uongo. Rafiki yangu akaapa, wakazidi kucheka, naye akaanza kuona haya.

Mimi nilikuwa nimekaa mwisho. Miaka yote ile hakuna jirani aliyejua nilifanya kazi gani ghorofani, walidhani ni mambo ya forodha. Ningeweza kunyamaza. Dirishani nyuma yangu nikasikia ukili unasukwa, taratibu.

Nikasema, "Ni kweli."

Wakauliza nimejuaje.

"Nilikisoma kisa hicho wakati wa vita. Kisha nikakifuta mimi mwenyewe."

Vikombe vikawekwa chini. Kila nyumba pale ilikuwa na barua yenye wino mweusi, au barua iliyoanza katikati kama mtu aliyeingia bila hodi. Nikaona macho yanahesabu. Rafiki yangu akasogea, akanipa nafasi karibu yake. Wengine waliondoka bila kuniaga, na sikuwalaumu.

Nilidhani nitatengwa. Kesho yake, baada ya Alasiri, ilipigwa hodi, akaingia mwanamke wa mtaa wa pili, na baada yake mwengine, na siku zilizofuata wengine, kila mmoja na barua yake imekunjwa ndani ya buibui. Hawakuja kugomba. Walitaka kujua chini ya wino palikuwa na nini. Yaliyonikaa niliwasomea, yasiyonikaa niliwaambia kweli kwamba yamepotea, na wako walioondoka wakilia kwa kosa langu. Nilifanya kazi ile miezi mizima, na ndiyo kazi pekee ya karani ninayoionea fahari.

Mmoja wao mume wake hakurudi. Meli ilizama, na barua aliyokuwa nayo ndiyo ya mwisho, karatasi moja tu, tena nusu yake nyeusi. Alikaa, akaiweka mbele yangu, akangoja. Nilijitahidi. Chini ya wino ule nilikumbuka giza tu, maana zilipita nyingi. Niliona haya kumtazama.

"Dada yangu, haya ya chini yamenipotea," nikamwambia. "Nimekumbuka zile za karatasi ya kwanza. Salamu tu."

Akavuta buibui yake, akakaa sawa juu ya mkeka.

"Hizo ndizo nilizokuya kutaka," akasema. "Anza mwanzo, na usimruke mtu."